Kuku wa nyumbani kameza kitu chenye ncha: tupeane uzoefu

Mwenye uzi (Umoja)
Wadau, habari za jioni. Huu uzi ni wa wenye kuku walio na majina, si wale wanaongojewa Krismasi. Nina mtetea wa kienyeji, Zawadi, analala kibarazani na watoto wanamhesabu kuwa mtu wa nyumba. Leo fundi wa viti alikuja kubadilisha kitambaa cha kochi, na Zawadi akadokoa pini ya chuma mbele ya binti yangu. Kabla hatujamfikia, ilishapita. Kwa sasa anakula na kutembea vizuri tu. Jirani mmoja ananiambia nimnyweshe mafuta ya kupikia, mwingine anauliza kama nina dania nyumbani. Aliyepitia haya atueleze: ulimfanyia nini, ulimpeleka wapi, iliishaje? Hata kama iliisha vibaya.

Fundi Cherehani (Kayole)
Pole sana. Mimi nashona nguo, na jogoo wangu alizoea kuokota vijiuzi chini ya cherehani. Siku moja akameza pini ya kichwa cha rangi. Nilimtia kwenye boksi la karatasi, nikalitoboa matundu, nikafululiza hadi kliniki asubuhi hiyo hiyo. Hiyo haraka ndiyo iliyomwokoa, maana eksirei ilionyesha pini bado iko kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo.

Daktari akamlaza kwa dawa ya usingizi, akanyonyoa manyoya kidogo tu kifuani, akapasua. Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Kilichonishangaza ni kwamba anashona mara mbili: kwanza gole lenyewe, halafu ngozi peke yake. Akivishona pamoja, kidonda kinaweza kuvuja chakula. Mimi na ufundi wangu wote sijawahi kushona kitu chembamba vile.

Baadaye nilikuwa nampa chakula kilicholoweshwa, kidogo kidogo mara nyingi, nikamtenga na wenzake wasije wakamdonoa mshono. Siku hizi anawika hadi wapangaji wa juu wanalalamika.

Kijana wa Githurai
Eksirei ya kuku? Watu wa Nairobi mna pesa. Firigisi, nyanya, kitunguu, mambo yamekwisha.

Mwenye uzi
@Kijana wa Githurai, njoo umwambie hivyo binti yangu wa darasa la pili, nitakulipia nauli.

Mama Kasarani
Yangu iliisha vibaya, na nitaeleza kwa sababu ishara zake zilikuwa za pole pole. Fundi alituwekea waya kwenye banda akaacha vipande alivyokata vimetapakaa chini. Hakuna aliyemwona kuku akimeza. Alichangamka tu kama kawaida, halafu akaanza kusimama pembeni amejikunyata, manyoya yamesimama. Anaenda kwenye chakula, anakichungulia, anarudi. Kinyesi kikawa kijani. Nilipomshika kifua nikakuta mfupa wa katikati umechomoza, hana nyama.

Kwenye duka la dawa za mifugo walinipa dawa ya minyoo, kisha ya mafua. Wala siwalaumu, ugonjwa wowote wa kuku huanza na kujikunyata. Alipokufa nilimpeleka apasuliwe. Kipande cha waya kilikuwa kimetoboa firigisi na kutokea upande wa pili, na kando yake kuna usaha wa manjano uliokauka. Kilikuwa kifupi kuliko kucha yangu.

Nyanya wa Kangemi
Wanangu, mimi nimechinja kuku tangu ujana wangu, na msumari ndani ya firigisi nimeukuta si mara moja. Umelika, umekuwa mweusi, na kuku mwenyewe alikuwa mnono. Msitishike sana.

Mwanafunzi wa Kabete
Shikamoo nyanya. Hujakosea, wapo wanaoponea. Nasomea udaktari wa mifugo, ngoja nieleze kinachotokea.

Kuku hana meno. Kazi ya kutafuna inafanywa na firigisi: misuli minene inayobana na kusugua chakula pamoja na changarawe alizomeza. Katika karne ya 18 mtafiti Mwitaliano, Spallanzani, aliwalisha bata mzinga sindano, akakuta zimevunjika humo ndani. Sasa nguvu hiyo inayovunja sindano ndiyo hiyo inayoweza kuisukuma itoboe ukuta wa firigisi. Hutegemea imelala vipi. Ikitoboa, vijidudu huingia tumboni na kuku huoza kwa ndani huku mwenyewe ukidhani ana mafua.

Kwa hiyo, mwenye uzi, usimning'inize kichwa chini na usimtie mafuta mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Usibonyeze gole ukitafuta pini kwa vidole. Mtenge mahali patulivu, mwangalie kinyesi, na mpeleke mapema, kwa sababu kutoa kitu kwenye gole ni rahisi kuliko kwenye firigisi. Firigisi ni nyama ngumu, haipasuliki wala haishoneki kirahisi, na madaktari wengi hujaribu njia nyingine kwanza.

Pia waya wa banda hupakwa zinki usishike kutu. Ukikaa tumboni, zinki hiyo inaweza kumpa sumu hata kama haujatoboa popote. Na mkipewa dawa, ulizeni mayai yasiliwe hadi lini.

Mama Kasarani
Asante. Laiti ningesoma haya mapema. Eksirei huonyesha kila kitu?

Mwanafunzi wa Kabete
Chuma huonekana vizuri. Mwiba, kijiti au plastiki mara nyingi havionekani. Kwa hiyo mweleze daktari alichomeza, na kama una pini inayofanana nayo, nenda nayo.

Jua Kali (Kariobangi)
Mimi nakata mabati mchana kutwa na kuku wangu wazima wote. Nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kamba, na jioni kijana wangu anaiburuta uwanjani kabla kuku hawajafunguliwa. Ukiona inavyorudi imejaa misumari, vipande vya waya na stepo, utashangaa kuku wanaishi vipi. Ila sumaku haishiki shaba, alumini wala vigae vya chupa. Hivyo ni vya kuokota kwa mkono, na kuku huvipenda kwa sababu vinang'aa.

Mwenye uzi
Nimesoma yote. Kesho alfajiri tunaenda kliniki ya chuo kule Kabete. Fundi wa viti amenipa pini mfano wake, nimeifunga kwenye karatasi. Zawadi yuko ndani ya boksi sasa hivi ananitazama kwa jicho moja. Swali moja tu: makanga wa matatu za Uthiru hukubali kuku?

Fundi Cherehani (Kayole)
Wanakubali. Keti nyuma, mpakate, na ukiambiwa alipiwe kiti, lipa. Mimi nililipa.