Tupeane uzoefu: Dirty Dancing uliionea wapi, na kwa nini haikutoki moyoni?

Bint_Michenzani

Assalaam alaykum wapendwa. Jana magharibi nilikuwa Forodhani na mwanangu, tunaangalia vijana wanavyojitupa baharini. Mmoja akaweka spika yake ukutani, ukatoka ule wimbo wa mwisho wa Dirty Dancing, wa Bill Medley na Jennifer Warnes. Kijana akaja mbio, mwenziwe akamdaka kiunoni na kumnyanyua juu, mikono imenyooka, kisha wote wawili chubwi majini. Wana miaka kumi na tano, sana kumi na sita. Filamu yenyewe ya 1987! Wameijulia wapi?

Machozi yalinitoka mbele ya mtoto.

Mie niliionea Michenzani, 1991, kwa jirani aliyeletewa deki na kakaake kutoka Dubai. Tulijazana chumbani mpaka mlangoni, watoto chini kwenye mkeka, mama zetu kitandani na kanga zao. Kanda ilikuwa nakala ya nakala. Kila Baby, yule binti wa wageni wa hoteli, akifanya mazoezi ya miguu kwenye lile daraja, mstari mweupe unampita usoni. Hata leo nikiiona safi kwenye simu, naona kama kuna kitu kimepungua.

Watu husema ni filamu ya mapenzi. Sikubali. Mapenzi yamo katika kila filamu. Hii inatuonesha mtu asiyejua, akijifunza. Anakanyaga vidole vya mwenziwe, anahesabu, anakosea, mkono wa Johnny, mcheza dansa wa hoteli anayemfundisha, ukimpita kwapani anacheka mpaka Johnny anakasirika. Na kicheko kile kilikuwa cha kweli, Jennifer Grey aliyeigiza Baby kilimtoka tu, wakakiacha. Halafu kuna ule mlango. Baby kabeba tikiti lake, anapanda kule kwa wafanyakazi wa hoteli, mlango unafunguka, anakuta ngoma ambayo wazee wake hawajui kama ipo. Sisi mlango huo tunaujua. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alicheza na wari ndani ya unyago na mwanamme hapiti. Ngoma yetu ya kweli siku zote iko nyuma ya mlango.

Haya, semeni.

Shoga_wa_Mkunazini

Deki ya Dubai na mkeka. Umemaliza, shoga.

Mzee_wa_Majestic

Nyinyi watoto wa deki. Sisi tulikwenda sinema khasa: Majestic, Empire, Cine Afrique. Na ikiwa ni dansa, basi Mithun, yule wa filamu za Kihindi, katika Disco Dancer, 1982. Anacheza, anaimba, anapigana, mamaake anakufa kwa gitaa la umeme, kijana anaogopa kushika gitaa tena. Huyo Patrick Swayze wenu, aliyeigiza Johnny, ana nini cha kupita hapo?

Shoga_wa_Mkunazini

Mzee wangu, kwa heshima zote, Mithun alipoingia alikuwa anajua tayari. Mwenzetu ametwambia hapo juu kinachomvuta ni kujifunza.

Mzee_wa_Majestic

Nimesoma, mwanangu. Bado Mithun.

Gizani2008

Mie yangu ni fupi. Mnaukumbuka ule umeme wa 2008, Unguja nzima giza kuanzia Mei mpaka katikati ya Juni? Jirani yetu Kikwajuni ana jenereta, akatuwekea filamu usiku. Tukafika pale Johnny anamwendea baba yake Baby mezani, anamwambia hakuna mtu wa kumweka Baby pembeni. Jenereta likakata. Petroli hakuna. Nimekaa wiki mbili na nusu sijui kama alinyanyuliwa au hakunyanyuliwa. Uliporudi umeme, watu wanashangilia barabarani, mie natafuta rimoti.

Kijana_wa_Kiwengwa

Nasoma nimekaa nyuma ya jukwaa, zamu inaanza saa mbili. Kazi yangu ni kuburudisha wageni hotelini, mwaka wa sita huu. Huo wimbo naupiga kila wiki. Mgeni yeyote, Mtaliano, Mpoland, akiusikia ananyanyuka.

Kwangu hii filamu ni kuhusu kazi. Pale mwanzo mwenye hoteli anawapanga wafanyakazi wake: wale wahudumu wa mezani, wanafunzi wa chuo, wanaruhusiwa kuzungumza na mabinti wa wageni. Akina Johnny, wacheza dansa, wafundishe dansa ya mambo, wafundishe cha-cha, basi, na mikono wasiwaguse mabinti. Maneno hayo nimeambiwa siku yangu ya kwanza, kwa Kiswahili, na meneja ambaye sidhani kama ameiona hiyo filamu.

Halafu ile pochi. Pochi ya mgeni imepotea, mtu wa kwanza kutajwa ni Johnny. Mie ilikuwa saa ya mkononi. Hoteli nyingine, siitaji. Niliitwa ofisini, nikavuliwa fulana ya kazi mbele ya wenzangu, kijisanduku changu kikamwagwa sakafuni: mswaki, msuli, picha ya mama. Mgeni niliyekuwa namfundisha dansa wakati saa inapotea alikuwa amekaa hapo nje anakunywa dafu. Alisikia kila kitu. Baby alisimama mbele ya baba yake akasema Johnny alikuwa na mimi, na alijua atakachokipata. Huyu wangu alinyanyua dafu lake akaenda ufukweni. Saa ilionekana keshoye, ndani ya begi la mwenyewe. Mie nilishafukuzwa.

Kwa hiyo wengine wanalia mwisho, mie nalia pale kwenye pochi.

Bint_Michenzani

Mdogo wangu, pole sana. Hiyo picha ya mama sakafuni imenikaa.

Ustadh_Kiembesamaki

Ndugu zangu, nasoma na nawapenda, lakini mnasifu kijana na msichana wasiokuwa maharimu, usiku, chumbani. Tuwafundishe nini watoto?

Mkunga_Mstaafu

Ustadh, nasaha tumeipokea. Ila nikwambie, mie nilianza kuifahamu filamu hii baada ya kuingia kazini wodi ya wazazi. Udogoni sikujua yule Penny, mwenziwe Johnny wa kucheza naye dansa, anaumwa nini, nani wa kunieleza? Kumbe katolewa mimba kwa siri na mtu asiyejua kazi, mwaka 1963, Marekani ikiwa ni kosa la jinai, kaachwa na damu mpaka baba yake Baby, daktari, anaamshwa usiku. Bila ya Penny kuumwa, Baby hachezi, maana ndiye aliyeshika nafasi yake. Yule mama aliyeandika hadithi, Eleanor Bergstein, mwenyewe binti wa daktari, aliambiwa na waliotaka kudhamini kipande kile kitoke, akakataa. Mie wasichana kama Penny nimewapokea saa nane za usiku. Hicho ndicho cha kuwafundisha watoto, Ustadh.

Ustadh_Kiembesamaki

Hapo sina neno. Allah akulipe kwa kazi yako.

Mwana_wa_Wete

Nilisema sichangii. Sasa nitachangia.

Mwaka 1995, Pemba, nipo skuli, miaka kumi na sita. Binti ami yangu alikodi kanda, tukaiona mara nne kwa siku mbili, baba yuko shamba. Ile ya Baby na Johnny kufanya mazoezi ziwani ikatuingia kichwani. Tukasema, maji si tunayo? Bahari iko uwani kwetu.

Mama zetu walikuwa wakilima mwani. Maji yakianza kujaa wao hurudi nyumbani, sisi tukabaki. Maji ya kiunoni. Binti ami yangu ana mabega, hubeba magunia mawili ya mwani mabichi. Mie ndiye Baby. Mara ya kwanza nikateleza, mara ya pili nikafika juu, wallahi nilifika, niliuona msikiti wa kijiji kichwa chini miguu juu. Mara ya tatu nikakimbia, na katikati ya mbio nikasita.

Alinishika vibaya. Nikapita juu ya bega lake nikaangukia kigingi. Vile vigingi vya kufungia kamba za mwani, wanavichonga ncha ili viingie mchangani, na kichwa kinabaki chini kidogo ya maji, hukioni. Nilisikia mtulinga unavunjika kabla sijasikia maumivu, kama mtu kavunja muwa. Nikafungua mdomo kupiga kelele, maji ya chumvi yakaingia. Kamba imenizunguka mguu. Maji yanajaa. Binti ami ananivuta, kamba inanirejesha, na mie naona juu ya maji mwangaza tu unapelekwa huku na huku. Akaikata kwa meno. Kwa meno yake.

Nyumbani tukasema nimeteleza nikifunga mwani. Kila usiku baada ya Isha baba alinikanda bega kwa mafuta ya nazi aliyoyapasha juu ya kibatari. Hazungumzi. Siku arubaini. Uongo ule ulinichoma kuliko mfupa.

Mdogo wangu ndiye aliyesema. Baba akaondoka, akarudi na ileile kanda ameikodi mwenyewe. "Ndiyo hii iliyomvunja mwanangu?" Akakaa kitini, kofia mapajani, akaiangalia yote. Kiingereza hajui, nikawa namfasiria nikitetemeka, vipande vingine nikaviruka. Mwisho, pale daktari anapomwendea Johnny na kusema mimi nikikosea husema nimekosea, baba akauliza, "Huyo mzee anasemaje?" Nikamwambia. Akauliza tena. Nikamwambia tena. Akanyanyuka akaenda kutia udhu.

Asubuhi alikuwa ameshairejesha kanda. Mlangoni nikakuta viatu vyeupe vya raba, saizi yangu. Hakusema kitu siku ile wala siku nyingine mpaka anafariki, 2011.

Shoga_wa_Mkunazini

Nimeweka simu chini nimelia.

Mzee_wa_Majestic

Mungu amrehemu mzee. Mithun leo nimemweka kando.

Gizani2008

Viatu vyeupe kama vya Baby! Mzee aliangalia filamu kweli.

Kijana_wa_Kiwengwa

Dada yangu wa Wete, nakupa pole na nawapa tahadhari wote. Kunyanyua si mabega, ni miguu. Anayenyanyua akunje magoti kidogo, ashike kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Anayenyanyuliwa akaze tumbo na mgongo, aangalie mbele. Anzeni ndani ya maji ya kifua, mchanga mtupu. Si kwenye mwani.

Fundi_Darajani

Mie naona majini ndiyo hatari. Jaribuni juu ya magodoro mawili. Majini miguu haina nguvu.

Mkunga_Mstaafu

Jaribuni kukaa kitini mkaangalia. Nyonga nazijua.

Fundi_Darajani

Na huko ziwani kwao maji yalikuwa vuguvugu, ndiyo maana waliweza.

Bint_Michenzani

Hapana, ndugu yangu. Kipande kile kilipigwa Oktoba 1986, Lake Lure, North Carolina, maji baridi mpaka midomo ikawa buluu. Ndiyo maana kamera haiwasogelei pale. Na majani ya miti yalishageuka, ikabidi mengine yapakwe rangi ya kijani ili ionekane kiangazi. Swayze mwenyewe goti lilikuwa bovu. Kakulia kwenye skuli ya dansa ya mamaake, Houston, na bado aliumia.

Gizani2008

Na Swayze alipofariki, Septemba 2009, redio zote zilipiga She's Like the Wind, wimbo wa filamu hiyohiyo. Niliwaambia wenzangu, sauti hiyo ni yake mwenyewe, hawakuamini.

Shoga_wa_Mkunazini

Wete, usituache hivihivi. Binti ami yupo? Na viatu?

Mwana_wa_Wete

Yupo Mkoani, ana wajukuu. Viatu ninavyo, soli zimetoka. Nimemsomea uzi huu kwa simu saa hii. Anasema nimeeleza yote sawa, ila mara ya pili nilikaa juu muda mrefu zaidi ya nilivyosema, alihesabu mpaka nne.