Ubao wa kasia kwa Ziwa Nyasa: wa kujaza upepo au mgumu?

Mkazi wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Kila tukipata mapumziko marefu, mimi, mke wangu na watoto wawili tunashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Sasa nataka kununua ubao wa kupigia kasia umesimama, mmoja wa familia nzima. Nimekwama kati ya ule wa kujaza upepo na ule mgumu wa povu na faiba. Tumepanga chumba na sebule, gari ni Noah isiyo na keria, mimi nina kilo 88. Naomba ushauri wa waliotumia, maana hela yenyewe nimeidunduliza muda mrefu.

Kasia la Asubuhi
Mkuu, nimesimama juu ya zote mbili. Majini, mgumu ni mtamu zaidi, hilo halina ubishi. Unakata maji, unashika njia, na kasia moja inakupeleka mbali. Wa upepo una unene wa sentimita 15 na unaelea juu juu, kwa hiyo upepo unaushika ubavuni na kuugeuza. Matema hili ni jambo la kuzingatia sana. Alfajiri mara nyingi upepo unateremka kutoka Milima ya Livingstone kuelekea ziwani: unatoka kirahisi, kurudi ndiyo kazi. Na miezi ya kusi mawimbi yanakuja kutoka kusini, yakiwa yamesafiri ziwa zima, zaidi ya kilomita 500. Siku hizo ubao wowote ubaki mchangani.

Binti Tukuyu
Kaka yangu wa Uyole, chumba na sebule, ubao wa zaidi ya mita tatu utaulaza wapi? Wangu ni wa upepo, unakaa nyuma ya mlango ndani ya begi. Nimewahi kuubeba kwa bodaboda kutoka Ipinda mpaka ufukweni.

Ila ujazwe ipasavyo. Wengi wakifika psi 8 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, kama kwenye tairi) wanaona umekaza, wanaacha. Ukisimama unabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, halafu wanasema mbao za upepo ni mbovu. Fikisha psi 12 mpaka 15, kama mtengenezaji alivyoandika karibu na valvu. Kwa pampu ya mkono ni kama dakika kumi, na zile psi tano za mwisho ndizo zinazotoa jasho.

Mkazi wa Uyole
Ndaga fijo, dada. Je, nikimpitia fundi tairi hapa Uyole akanijazia kwa kompresa, si nitafika tayari?

Fundi Mafinga
Hapana, ndugu yangu! Kompresa ya tairi inasukuma kwa nguvu kubwa, ukichelewa kidogo tu mshono unaachia. Halafu kuna mwinuko. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700, ziwa liko chini ya mita 500, na kule hewa ya nje inakandamiza zaidi. Ukijaza psi 15 huku juu, ukishuka unapoteza karibu psi 2, kisha joto la Kyela linarudisha sehemu yake. Hutajua una ngapi. Jazia ufukweni, na ukimaliza usiuache juani umekaza. Kabla ya kupanda mlima kurudi, toa upepo.

Niliwahi kupasua mmoja uliokuwa umeshakufa nione ndani. Kuna nyuzi maelfu kwa maelfu, zimesimama wima, zimeunganisha ngozi ya juu na ya chini. Ndizo zinazoufanya ukae bapa, usivimbe kama mpira.

Pancha inatafutwa kwa povu la sabuni, kama ya baiskeli. Lakini solusheni ya tairi haishiki kwenye PVC, ile plastiki ya ngozi ya ubao, itabanduka. Inatakiwa gundi ya PVC laini, ile ya maboti ya upepo, na kiraka kikae saa 24 kabla ya kujaza. Niliuziwa ubao ambao mfuko wake wa viraka ulikuwa mtupu, kwa hiyo fungua uangalie kabla hujalipa.

Mwalimu Iringa
Nauunga mkono mgumu, lakini kwa mwenye nyumba ya kuuweka na keria. Jua likichoma PVC miaka mingi, gundi ya mishono inachoka. Mgumu ukitunzwa unadumu. Adui yake ni mawe: wangu uligonga jiwe upande wa Lyulilo, ufa mdogo kama kucha. Niliupuuza, povu likanywa maji, ubao ukawa mzito na ngozi ikaanza kuachana na povu. Ukipata ufa, toka majini siku hiyohiyo, ukaushe, ndipo uzibe kwa epoksi.

Na ndugu, una watoto. Jaketi za kuokolea ni za lazima, na kamba ya mguuni isikosekane. Msisogelee mdomo wa mto Lufilyo, kuna mamba na viboko.

Mkazi wa Uyole
Mwalimu, nimekusikia, jaketi zinatangulia kununuliwa. Kwa chumba changu na Noah yangu naelekea kwenye wa upepo, futi 11, unene inchi 6. Kinachonisumbua bado ni uzito: mimi na mtoto mmoja mbele, hautabonyea?

Binti Tukuyu
Jumamosi nitakuwa Matema na wangu ni futi 11 vilevile. Njoo na mtoto saa moja asubuhi, tuujaze psi 15 mbele ya macho yako, msimame wote wawili kwenye maji ya kiunoni.