Tumeitwa kuzungumza bei ya mwani, tukafungwa fundo la mikono! Michezo hii ya mikutanoni imetuchosha

Wakuu, asalaam alaykum. Naandika na hasira na sitaki kuzificha.

Jumanne tuliitwa mkutano Chake Chake, hapa Pemba, sisi wanawake wa vikundi vya mwani kutoka Micheweni, pamoja na maafisa na wanunuzi. Waliotuita siwataji. Siku yenyewe ilikuwa bamvua. Anayelima mwani anajua maana yake: maji yanakupwa mpaka mbali, na kuanzia saa tatu mpaka karibu saa sita ndio wakati wa kufunga mbegu na kuvuna. Mwezi mzima bamvua ni mbili tu. Tukaiacha pwani, tukapanda gari alfajiri, kwa sababu tuliambiwa ajenda ni bei.

Tumekaa tu, mwezeshaji anasema kwanza tuchangamke. Kwenye ratiba imeandikwa dakika 10. Tumeanza saa tatu, tumemaliza saa nne na dakika tano!

Mchezo wa kwanza, kila mtu ataje jina lake na mnyama anayefanana naye. Jamani, kwetu kumwita mtu mzima mnyama ni tusi. Alikuwepo mzee anayesomesha watoto Kurani chuoni, akataja jina lake akanyamaza. Akabanwa: "Mnyama, mzee, mnyama!" Mpaka akasema mbuzi, huku anatazama chini.

Halafu likaja hilo fundo. Mnasimama duara, mnafumba macho, kila mtu ananyoosha mikono katikati na kushika mkono wowote atakaoukuta. Mkifumbua macho mjifungue bila kuachiana, huyu apite chini ya kwapa la yule, yule aruke mkono wa huyu. Wanaume na wanawake pamoja, na baibui zetu! Hakuna aliyetuuliza kama tunaridhia kushikana mikono na wanaume wasiokuwa maharimu wetu. Hapa ni Pemba, hili halihitaji kusomewa.

Bi mkubwa wa kikundi chetu akarudi nyuma, akaingiza mikono ndani ya mtandio. Ile mikono naijua, vidole vimechanika kwa kamba na chumvi, kucha ya gumba haipo. Anaulima mwani tangu kilimo hiki kilipoanza huku visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiye tuliyemchagua atusemee. Mwezeshaji akamwambia, "Mama usiogope, hatuli watu!" Ukumbi mzima ukacheka. Kisha ati asiyeshiriki ana adhabu, apite mbele acheze muziki. Mtu ana wajukuu! Hakupita. Alikaa kwenye kiti na hakufungua mdomo tena mpaka tunaondoka. Ndani ya gari ndipo aliponiambia, "Mwanangu, safari nyengine usiandike jina langu."

Na bei je? Ilipewa dakika 15 za mwisho kabla ya adhuhuri. Kotonii ndio mwani wenye bei, lakini maji yakipata joto unaoza kwenye kamba, tunabaki na spinosamu wa bei ya chini. Tulitaka kuuliza nani anaipanga bei hiyo na kwa hesabu gani. Aliyekuwa na maswali hayo kichwani ndiye waliyemvunja moyo asubuhi. Nikasimama mie, nikauliza nusu, nikaambiwa "tutalifanyia kazi", tukapigishwa makofi.

Sikatai watu kuchangamshwa. Wengine wametoka nyumbani usiku, wanasinzia. Lakini tega kitendawili! Bi mkubwa yule yule ukimwambia "Kitendawili!" anaitikia "Tega!" kabla hujamaliza, na ukishindwa atakudai mji na hakuachii mpaka umpe. Hashikwi mtu mwili, na aliyetoka pwani anamshinda afisa palepale. Dakika tano zinatosha.

Barua naiandika wiki hii kwa niaba ya kikundi. Nadai matatu: wasiite wakulima wa mwani siku za bamvua (mwezi uko juu, kila mtu anauona), michezo ya kugusana iondolewe, na mtu akikataa kucheza aachwe akae bila kuchekwa wala kuadhibiwa. Aliyewahi kulalamikia jambo kama hili anieleze niipeleke kwa nani, sheha, wilayani, au niwapelekee wenyewe waliotuita. Na kama yamekukuta huko Unguja au Tanga, andika hapa ilikuwaje, nitayaambatanisha.