OTP kwa SMS pekee: benki mnatuachia mlango wa nyuma wazi mpaka lini?

Wakuu,

Hili jambo linakera na tumelinyamazia mno. Programu nyingi za benki hapa kwetu zinajisifu kuwa na ulinzi wa hatua mbili, ukifungua mipangilio unakuta hatua ya pili ni moja tu: OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja, kwa SMS. Halafu kila wiki wanatukumbusha "usimpe mtu OTP yako", utadhani mwizi lazima aje akuombe.

Haji. Anakwenda kurudisha laini yako kana kwamba ni yake iliyopotea, kwa kitambulisho cha kughushi au kwa kula njama na wakala. Simu yako inakata mtandao ghafla na juu ya kioo panaandikwa "simu za dharura tu". Unazima na kuwasha, wapi, wakati aliyekaa pembeni yako mwenye mtandao huohuo anapiga kama kawaida. Kuanzia hapo OTP zinaingia kwake. Anabonyeza "umesahau nenosiri" kwenye barua pepe yako, anapata namba, anakufungia nje. Barua pepe ikishaondoka, akaunti nyingine zinafuata, maana linki za kubadili nenosiri zinatumwa hukohuko.

Hakuna anayeweza kusema hakujua. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliiweka SMS kwenye kundi la njia zenye masharti tangu 2017. Mwaka huohuo, Ujerumani, wezi walikomba akaunti za benki kwa kunasa SMS kupitia SS7, mfumo unaounganisha kampuni za simu, bila kugusa laini ya mtu. 2019 akaunti ya Jack Dorsey, bosi wa Twitter wakati huo, iliingiliwa kupitia namba yake ya simu.

Na ndugu walioko Muscat au London? Laini ya nyumbani bila roming haipokei OTP. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa, namba anapewa mteja mwingine, na OTP zako zinaanza kuingia kwake.

Njia mbadala ipo na ni ya bure. Kanuni ya TOTP, yaani OTP inayotengenezwa na programu kwenye simu yako mwenyewe, ilichapishwa 2011. Simu na seva zinashika siri moja, kila sekunde 30 zinakokotoa tarakimu 6 kutokana na saa, bila bando wala SMS ya kulipia. Kinachouma ni kwamba hata huduma zinazoikubali mara nyingi huacha "jaribu njia nyingine" inayorudi kwenye SMS. Hilo ni kufuli mbili mbele na komeo la kijiti nyuma.

Kwa sasa, anzeni na barua pepe. Wekeni programu ya TOTP kama Google Authenticator au Aegis, na kabla ya kuskani msimbo wa QR, nakilini kwa kalamu ile mistari ya herufi na tarakimu inayotolewa kwa wasioweza kuskani. Msiupige picha, maana inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni pamoja na picha za harusi. Chukueni namba za akiba, Google wanatoa 10 na kila moja inatumika mara moja, mziweke na vyeti vya nyumbani. Ndipo mwondoe namba ya simu kwenye uthibitisho na pia kwenye urejeshaji wa akaunti; sehemu hizi ni mbili, na wengi wanaisahau ya pili. Namba za programu zikikataliwa, tazameni saa ya simu kwanza, iwekeni ijirekebishe yenyewe. Msifute simu ya zamani kabla ya kuhamishia akaunti za programu hiyo kwenye simu mpya.

PIN ya laini nayo iwekeni, ila mjue inamzuia aliyeiba simu tu. Haimzuii anayerudisha laini kwa wakala.

Benki, tunataka mambo matatu: TOTP au funguo za siri za kwenye simu (passkeys, za kuingilia bila nenosiri), ruhusa ya mteja kuzima SMS kabisa, na miamala isimame kwa saa kadhaa kila laini inapobadilishwa kadi.

Mwenye kujua benki inayoruhusu kuzima OTP ya SMS, aitaje hapa tuhamie.