Oda zimejaa, vuli imefika: nifunge siku moja niende kuchuma kahawa kwa mama?

Mama Sare (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Wenyeji mnaijua Novemba yetu: kipaimara, ubatizo, harusi za wanaorudi likizo, na kila ukoo unataka sare. Vitenge ishirini na sita vimekalia kiti cha wateja, wateja wenyewe wanasimama.

Juzi umeme ulikatika saa tisa mchana, mvua ikashuka. Cherehani yangu siku hizi ni ya mota, basi nikakaa mlangoni nimekunja mikono. Mjakaranda wa ng'ambo ulikuwa unamwaga maua, lami yote zambarau. Bodaboda mmoja aliyejibanza kibarazani kwangu akawa anayabandua kwenye siti yake, moja moja, kama anayefumua mshono. Saa kumi na mbili kasoro mawingu yakaachana, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikatokea na theluji mpya. Nikajiuliza mara ya mwisho nimeutazama mlima lini, nikakosa jibu. Na ninaishi chini yake!

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Hamburg. Anasema kwao nao ni vuli, ila yao majani yanapukutika, saa kumi na moja jioni jua limeshazama, watu wanajifungia ndani; hata asiyetaka anatulia. Vuli yetu ndiyo kwanza maharage yanaota, na jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Hakuna wa kukuambia basi.

Sasa swali. Mama yuko Machame, kihamba chake, shamba la nyumbani, bado kina kahawa ya mwishomwisho. Kila mwaka ananiita siku moja tu, na kila mwaka natuma hela ya kibarua. Mwaka huu hajaniita. Nifunge Jumamosi niende, au nimalize sare kwanza?

Sindano Butu (Arusha)

Dada, tuko kazi moja. Funga, lakini usifunge kimyakimya. Wapigie leo wenye tarehe za karibu, wamalizie Ijumaa usiku. Mimi niliwahi kupotea siku mbili, narudi nakuta mama wa kamati kakaa kwenye ngazi anadai kitambaa chake. Na usidanganye kwamba unaumwa, Moshi ni ndogo, utaonekana kwenye Hiace ya Machame.

Kodi ya Januari

Tuseme ukweli, kutulia ni kwa wenye mshahara. Novemba na Desemba ndizo zinazolipa ada na kodi ya fremu. Tuma hela, mama ataelewa. Mlima haukimbii.

Babu wa Uru

Mwanangu, hela ya kibarua mama anaishukuru, usijilaumu sana. Ila kibarua analipwa kwa debe, na wa debe anakwangua tawi zima, mbichi kwa nyekundu. Kahawa ya mwisho imetawanyika, tunda moja huku, mawili kule, haimtaki mwenye haraka. Halafu kuchuma ndiyo kazi ndogo. Mnamenya jioni ileile, inachachuka, inaoshwa, inaanikwa kichanjani, na kwa mvua hizi ni kukimbia kuifunika kila wingu likipita. Mama yako anakimbia na nani?

Mama Sare (Moshi)

Babu, swali lako lilininyima usingizi. Nilienda.

Mama hakushangaa, akanipa kikapu tu. Nilipita mibuni kama kumi nikijiona hodari. Kugeuka nyuma, namwona anapita mlemle nilikopita, anachuma nyekundu nilizoziacha, wala hasemi kitu. Mvua ilitukimbiza mara mbili. Ya pili tulikuwa tunakula mtori, tukaacha bakuli, tukarudi tumelowa, umepoa, tukaula hivyohivyo.

Kodi ya Januari, hukukosea. Nimelala saa nane za usiku siku tatu mfululizo, na mteja mmoja kachukua kitenge chake kwa hasira.

Mama alinipa mkungu wa ndizi nitoe kwenye sikukuu ya mavuno usharikani kwangu. Jumapili ukapigwa mnada. Mzee mmoja akaanza kupandisha bei, nikashindwa kuvumilia, nikaununua mwenyewe kwa hela ya kushona sketi mbili.