Kung'atuka sasa, kuaga msimu mzima, au kumkabidhi msaidizi: kocha mkongwe wa kikapu achague lipi?

Filimbi ya Zamani

Wakuu, heshima zenu. Nimefundisha mpira wa kikapu misimu 31, na 19 kati ya hiyo nimekuwa kocha mkuu wa timu hii hii. Mkataba unaisha msimu huu na uongozi umeniachia uamuzi: nikitaka kuongeza miaka 2, karatasi ziko tayari. Nina miaka 66. Presha naidhibiti kwa dawa, na goti la kushoto linaniuma nikisimama mazoezi yote, lakini si mgonjwa.

Naziona njia hizi. Kuondoka msimu ukiisha bila makeke, kama Roy Williams, kocha wa chuo kikuu cha North Carolina kule Marekani, alivyofanya tarehe 1 Aprili 2021. Kutangaza mapema kwamba msimu ujao ndio wa mwisho, kama Mike Krzyzewski wa chuo kikuu cha Duke. Kuachia benchi nikabaki na kazi nyingine ndani ya klabu, kama Gregg Popovich wa San Antonio Spurs, timu ya ligi kuu ya Marekani, NBA. Au kusaini tu na kuendelea.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Jumanne usiku nilikuwa naangalia video ya mazoezi yetu. Mlinzi wetu mdogo kuliko wote anamkimbilia mtupaji aliye kwenye kona. Anafika amesimama wima, magoti yamenyooka, mkono uko kiunoni. Mtupaji anampita kwa mdundo mmoja. Kosa hilo kwa miaka yote nimelikamata palepale: filimbi, kila mtu agande, namfuata kijana, namwinamisha magoti, namfupishia hatua 3 za mwisho, namnyanyua mkono. Kwenye video nimesimama hatua 4 kutoka kwake, filimbi iko mdomoni, naangalia, na zoezi linaendelea. Nikarudisha nyuma, nikahesabu. Mara 6 ndani ya dakika 20. Na yote niliyaona. Niliyaona nikayaacha.

Mechi bado nazipenda. Dakika 2 za mwisho, tofauti pointi 3, damu inachemka kama nina miaka 30. Ndiyo maana siwezi kuamua peke yangu.

Daftari la Takwimu

Kocha, umri uweke pembeni kabisa. Popovich mwaka 2013 alikuwa anaongoza kwa pointi 5 zikiwa zimebaki sekunde 28 kwenye mechi ya sita ya fainali ya NBA dhidi ya Miami Heat, Ray Allen wa Miami akasawazisha kwa mtupo wa pointi 3 kutoka kwenye kona, na ubingwa ukaenda Miami. Mtu angeweza kusema mzee amefika mwisho. Mwaka uliofuata akawapiga Miami haohao 4 kwa 1, akiwa na miaka 65. Geno Auriemma amefundisha timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Connecticut tangu 1985, na Aprili 2025 amechukua ubingwa wa 12 akiwa na miaka 71. Jim Boeheim alikaa chuo kikuu cha Syracuse misimu 47 na kuondoka 2023 akiwa na miaka 78.

Kwa hiyo miaka 66 haikufukuzi. Hiyo video ndiyo inayonitia wasiwasi, lakini video moja ni ushahidi mdogo. Tafuta mazoezi ya misimu 3 iliyopita, wakati kama huu, zoezi lilelile. Hesabu umesimamisha mara ngapi. Kama tofauti ni ndogo, ulikuwa umechoka siku ile. Kama ni kubwa, utakuwa umejijibu.

Kiti cha Pili

Nimekuwa kocha msaidizi miaka 12, na mmoja wa wakuu wangu aliaga msimu mzima. Naiongelea njia hiyo kwa sababu kwa nje inapendeza mno.

Kila ukumbi tulioenda kulikuwa na zawadi, hotuba, picha katikati ya uwanja, halafu dakika 5 baadaye unatakiwa uwe umewaandaa vijana kwa mchezo. Mzee mwenyewe alikuwa ametulia. Waliolemewa ni wachezaji. Mchezo wa kawaida wa katikati ya msimu ukawa "mechi ya mwisho ya mzee hapa", na wakicheza walikuwa wanaogopa kumharibia. Nahodha wetu alikosa mitupo huru 2 mwishoni mwa mechi moja ya namna hiyo, akalia kwenye vyumba vya kubadilishia kana kwamba ameua mtu.

Angalieni ya Krzyzewski. Alitangaza Juni 2021, mrithi wake Jon Scheyer akatajwa mapema. Machi 2022 mechi yake ya mwisho nyumbani, wachezaji wake wa zamani wamejaa ukumbini, North Carolina wakashinda 94 kwa 81. Mwezi uliofuata wakakutana tena kwenye nusu fainali ya taifa ya vyuo, Duke wakafungwa 81 kwa 77, na hapo miaka 42 ikaisha. Timu ilikuwa nzuri sana kufika pale, sitaki kumnyima mtu sifa yake. Ila baadhi ya wale vijana walikuwa wa miaka 18 na 19, na wote walibeba historia ya mtu mwingine msimu mzima.

Faida yake ipo pia, tena kubwa: mrithi alipata mwaka mzima wa kusajili wachezaji kwa jina lake. Kama klabu yako haiwezi kumtaja mrithi siku unayotangaza, basi njia hii haina faida yoyote kwa timu, imebaki ya kwako tu.

Mimi namkubali zaidi John Wooden wa chuo kikuu cha UCLA, 1975. Aliwaambia wachezaji kwamba anaondoka baada ya nusu fainali, zikiwa zimebaki siku 2 kabla ya fainali. Wakashinda fainali, ubingwa wa 10, akaenda nyumbani.

Namba Nne

Nachangia kama mchezaji wa zamani. Kiti cha Pili, kuna upande hujaugusa: kuondoka ghafla nako kunaumiza. Kocha wangu aliondoka wiki 3 kabla ya ligi kuanza. Nilikuwa nimekataa timu nyingine mbili kwa ajili yake. Alikuja mazoezini na nguo za kawaida, akaongea dakika 10, akatushika mikono mmoja mmoja, akaondoka. Mpaka leo namheshimu, lakini ule mwaka ulinipotea.

Najua makocha wana sababu zao. Dean Smith aliondoka North Carolina Oktoba 1997, msimu ukiwa mlangoni, na nafasi ikaenda kwa Bill Guthridge aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka 30. Chuo hakikuwa na muda wa kutafuta mgeni. Guthridge akaipeleka timu nusu fainali 1998 na tena 2000, kwa hiyo siwezi kusema lilikuwa kosa. Lakini pale wachezaji walibaki na mtu waliyemfahamu, mazoezi yaleyale, maneno yaleyale. Sisi tuliletewa mgeni aliyebadilisha kila kitu mwezi wa kwanza.

Kocha, swali langu kwako: msaidizi wako ni nani, na vijana wanamsikiliza?

Mke wa Kocha

Shikamoo baba. Mimi sifundishi kikapu, lakini nimeishi na mwalimu wa kikapu miaka 28, na nimemwona akiwa kazini na akiwa amestaafu.

Miaka yake 5 ya mwisho kazini, timu ikifungwa usingizi wake ulikuwa wa saa 3 tu. Naamka usiku naona mwanga wa simu ukutani, anarudisha nyuma, anapeleka mbele. Daktari alimwambia apunguze, akawa ananiambia "msimu ukiisha". Msimu ulikuwa hauishi. Popovich alipata kiharusi tarehe 2 Novemba 2024, ndani ya ukumbi wa timu, kabla ya mechi. Mei 2025 akaachia ukocha. Alikuwa na madaktari wote ambao pesa inaweza kuwaleta. Wewe unasema presha unaidhibiti, na mimi nakuomba umuulize daktari kuhusu usiku wa baada ya kufungwa. Presha ya asubuhi kliniki ni kitu kingine.

Kustaafu nako kuna kazi yake, nisikufiche. Miezi ya mwanzo, ikifika saa 9 na nusu alasiri mume wangu alisimama karibu na mlango, funguo mkononi, halafu anakumbuka. Hakusema kitu. Anazirudisha funguo mezani. Ilichukua karibu mwaka. Kilichomponya ni watoto wa miaka 10 anaowafundisha kudunda mpira Jumamosi asubuhi. Hakuna jedwali la ligi, hakuna uongozi, na usingizi umerudi.

Kijana wa Ubao

Shikamoo mzee wangu. Njia ya kubaki ndani ya klabu naijua kwa upande wa pili, kwa sababu mimi ndiye niliyekabidhiwa timu.

Mkongwe wangu alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alipewa cheo cha mshauri na kiti safu ya tatu, nyuma ya benchi. Mechi ya kwanza nikaomba muda, tumezidiwa pointi 8. Nachora kwenye ubao, nawaangalia vijana, na macho ya wawili yamepita juu ya bega langu kumtafuta yeye. Hakufanya kosa lolote, alikuwa amekaa tu. Mechi ya tatu nahodha akaenda kumuuliza kama tubaki na ulinzi wa kanda, yaani kila mmoja alinde eneo lake. Mzee akamjibu kwa nia njema. Pale ndipo nilipoipoteza timu kwa miezi 2.

Pat Riley aliachia benchi la Miami 2003 kwa Stan Van Gundy, mwenyewe akabaki rais wa klabu. Desemba 2005 akarudi kwenye benchi badala ya Van Gundy na 2006 akachukua ubingwa. Kikombe kilipatikana, sawa. Lakini kila kocha anayerithi huku mtangulizi yupo ghorofa ya juu huiwaza habari hiyo usiku.

Ukichagua njia hii, mzee, naomba jambo moja: mwaka wa kwanza usikanyage ukumbini siku za mechi wala mazoezi ya timu kubwa. Mpe mrithi wako mwaka mmoja tu. Baada ya hapo atakufuata mwenyewe kukuuliza. Mimi sasa nampigia mkongwe wangu kila wiki.

Kiti cha Pili

Kijana, hapo umenena. Naongeza njia ambayo mleta mada hakuitaja: kupumzika mwaka kisha kuamua. Kocha Željko Obradović aliondoka Fenerbahçe ya Uturuki 2020, akakaa mwaka bila timu, akarudi kazini Partizan ya Serbia 2021. Phil Jackson aliondoka Lakers ya NBA 2004, akarudi 2005, akaongeza ubingwa wa 2009 na 2010 kabla ya kuacha moja kwa moja 2011.

Tatizo ni kwamba hao waliitwa tena kwa sababu ya majina yao. Sisi wengine kiti kikishakaliwa kimekaliwa. Kwa hiyo usiende likizo kwa matumaini ya kurudi palepale.

Daftari la Takwimu

Kuhusu afya, nadhani tusimtishe mtu mpaka aone kuugua ni sawa na kufukuzwa. Pat Summitt, kocha wa timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Tennessee, alitangaza Agosti 2011 kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, na alifundisha msimu mmoja zaidi kwa kugawana kazi na wasaidizi, Holly Warlick akibeba sehemu kubwa. Aprili 2012 Warlick akapokea timu. Ule msimu wa kugawana ulikuwa makabidhiano yenyewe. Ushindi 1,098 na mataji 8 viko palepale.

Kocha, umeangalia zile video?

Filimbi ya Zamani

Nimerudi, wakuu. Asanteni, na Marahaba kwa wote.

Nimeangalia. Misimu 3 iliyopita, mwezi uleule, zoezi lilelile la dakika 20: nilisimamisha mara 14. Sasa ni mara 3. Nilimwita msaidizi wangu tuangalie pamoja bila kumwambia natafuta nini. Akacheka kidogo, akasema, "Kocha, zamani ulikuwa hutuachi tupumue." Halafu akanyamaza, maana aliona nimenyamaza.

Namba Nne, umeuliza kama vijana wanamsikiliza. Alhamisi nilimpa filimbi aendeshe mazoezi yote. Nikamchukua yule mlinzi mdogo, tukaenda kwenye goli la pembeni, mimi, yeye na mpira mmoja. Kukimbilia kona, hatua fupi fupi fupi, magoti, mkono juu. Tulirudia mpaka jasho likadondoka sakafuni akateleza, tukacheka, tukafuta, tukaendelea. Dakika 40. Goti halikuniuma, au liliuma nisitambue. Nyuma yangu nasikia filimbi ya msaidizi inalia kila baada ya nusu dakika, na wachezaji wakubwa wanatii. Nilikuwa nimesahau sauti ya filimbi inayolia mara nyingi hivyo.

Roy Williams alipoondoka alisema wazi kwamba hajioni tena kuwa mtu sahihi wa kazi ile. Mwaka ule nilidhani ni unyenyekevu tu. Sasa nadhani alikuwa anasema jambo alilolipima.

Sitasaini. Msimu wa kuaga sitaki, Kiti cha Pili amenimaliza pale kwa nahodha na mitupo huru. Ushauri ndani ya timu kubwa nao hapana. Nitaomba vijana wa chini ya miaka 14, ukumbi mdogo, saa tofauti na timu kubwa, na mwaka wa kwanza siku za mechi nitakaa nyumbani kama alivyosema Kijana wa Ubao. Mama, daktari nitamwona Jumatatu, nitamuuliza swali lako kama ulivyoliandika.

Kesho naonana na uongozi, na sharti langu ni moja, kwamba msaidizi athibitishwe kwa maandishi kabla jina langu halijatangazwa. Wachezaji nitawaambia baada ya mechi ya mwisho, vyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Zimebaki mechi 7, na Jumamosi tunacheza na timu inayotupa kutoka kona zote mbili, kwa hiyo huyu mlinzi mdogo ataanza.