Riwaya za "kumpa sauti" mwanamke wa Kigiriki zimewasahau wajakazi

Ndugu wapenzi wa fasihi, nimevumilia vya kutosha. Ndani ya miezi mitatu nimenunua riwaya nne zinazosimulia upya visasili vya Wagiriki kwa upande wa wanawake, na kila jalada linaniapia kwamba mwanamke huyo sasa anasema kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza ipi? Mwaka 431 KK mtunzi wa tamthilia Euripides alimsimamisha Medea, mke aliyesalitiwa na mumewe, mbele ya watu wa Athens, naye Medea akatamka kwamba ni heri asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Ovid, mshairi wa Kirumi, naye alitunga barua nzima nzima kwa sauti za wanawake wa visasili hivyo: Penelope mke wa Odysseus, Briseis na wenzao.

Hilo la jalada ningelimeza, maana biashara ni matangazo. Kinachonichoma ni wale wajakazi kumi na wawili. Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, utenzi wa Homer, Odysseus akishawaua wachumba waliomwania mkewe Penelope, wanawake hao, walioshutumiwa kulala na wachumba, wanalazimishwa kwanza kuzitoa maiti nje, kisha kusugua meza na viti kwa sponji mpaka damu iishe, ndipo Telemachus, mwana wa Odysseus na kijana wa nyumba hiyohiyo waliyoitumikia, anapokataa kuwaua kwa upanga kwa kuwa hataki wafe kifo safi, anakaza kamba ya merikebu na kuwanyonga kwa safu, kama njiwa walionaswa wavuni. Homer anasema miguu yao ilitapatapa kidogo tu, si kwa muda mrefu. Wakati huo Penelope amelala fofofo.

Riwaya niliyoimaliza juzi imempa Penelope kurasa zaidi ya mia tatu za kufuma, kulia na kuwaza. Wajakazi wameambulia aya moja, tena wanaitwa "watumishi". Watumishi wa mshahara gani? Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya mjakazi. Emily Wilson, katika tafsiri yake ya Odyssey kwa Kiingereza ya mwaka 2017, aliwaita watumwa waziwazi, ilhali baadhi ya waliomtangulia walikuwa wamewabandika matusi ya umalaya ambayo Kigiriki chenyewe hakina. Margaret Atwood, katika riwaya yake The Penelopiad ya mwaka 2005, aliwafanya kundi la waimbaji linalomkatiza Penelope kila anapojitetea. Kwa hiyo inawezekana. Waandishi wa riwaya nilizonunua wamechagua tu kukaa na malkia.

Na si Penelope peke yake. Riwaya nyingine inamlilia Clytemnestra, mama aliyechinjiwa binti yake Iphigenia na mumewe, mfalme Agamemnon, naye akaja kumuua mume huyo, na kilio hicho nakikubali kabisa. Lakini Clytemnestra huyohuyo alimuua pia Cassandra, mateka wa vita kutoka mji wa Troy asiyemkosea lolote, aliyeletwa hapo kama nyara. Katika riwaya hiyo sura inafungwa Agamemnon akiwa anaoga, na Cassandra bado yumo katika gari la farasi, nje ya mlango. Nilifunua sura iliyofuata nikimtafuta, nikafunua na ya tatu. Hayumo.